Mgeni wa Miezi ya Baridi

Tarehe 9 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, umwambie mguu ukimuuma asijifanye msichana, akae chini. Sisi huku tunapumua, na siku hizi mtu akisema anapumua amesema jambo kubwa.

Tulikubaliana tuandikiane, basi naanza mimi, kwa sababu wewe ukiachiwa utaanza mwakani. Kwenye simu hatuwezani. Wewe unasita, mimi nakukatiza, halafu Mama anainyakua simu kuuliza tumekula nini. Dereva wa lori la vifaa vya hospitali amekubali kuwa posta yetu. Anasema kila safari anabeba lile boksi la barafu lenye sampuli za pua za watoto, kutoka hospitali ya huku kuleta maabara kwako, na bahasha moja haitamwongezea uzito.

Chekechea yangu imefungwa tangu Machi. Viti ishirini na vinne nimevipandanisha ukutani, na kila asubuhi Chiriku anavishusha, anavipanga, anawafundisha madoli yake. Ana miaka sita tu lakini ukali wake ni wa mwalimu mkuu. Mdogo wake, Bosi, sasa ana miezi minne. Jina limemkaa kweli: akilia kidogo tu nyumba nzima tumesimama.

Sasa sikiliza. Unakumbuka Chiriku alipokuwa na miezi mitatu, alivyokaa siku tisa kwenye oksijeni, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Ni wewe uliyeniambia kwamba kile ni kirusi cha kifua cha watoto, kina jina refu la kitaalamu, na kila mwaka kinakuja miezi ya baridi kisha kinaondoka. Mimi nikakiita Mgeni, maana hakosi msimu na hapigi hodi. Sasa baridi imeanza, na mgongo wa Bosi wote unaenea kwenye kiganja changu. Watu wote wanaongea habari za korona. Mimi ninayemwogopa ni Mgeni. Wewe unayeziona pua za watoto kutoka kila upande, niambie, ameshafika?

Mdogo wako,
Kengele


Tarehe 2 Julai

Kengele,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Dereva aliwekwa karantini kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu alipiga chafya. Anasema lilikuwa vumbi. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe, na ujumbe wako nimemfikishia isipokuwa hilo neno la msichana.

Nitakujibu kwa nilichokiona, si kwa ninachokidhani. Mwaka jana mwezi wa Juni, kati ya kila watoto wachanga kumi waliolazwa kwa ajili ya kifua, watano au sita walikuwa na Mgeni wako. Juni hii iliyoisha nimepima sampuli mia moja na themanini. Sikumwona hata mara moja. Ile homa kali ya mafua ya kila msimu, nayo haipo. Nikadhani mashine imeharibika. Nikatoa kwenye jokofu la kugandisha sampuli ya mwaka jana niliyojua inaye, nikaipima, mashine ikamwona papo hapo. Kwa hiyo mashine ni nzima, na Mgeni hayupo.

Kilichobaki ni mafua ya kawaida, yale ya kamasi tu. Hayo hayajali barakoa wala shule kufungwa. Mkuu wa maabara anasema Mgeni ameshindwa kusafiri kwa sababu watoto hawakutani. Nikamuuliza, hawa wenye kamasi wamekutana wapi? Akaivuta barakoa yake juu, tukarudi kazini. Miaka kumi na minne kwenye kazi hii, sijawahi kuelewa kidogo namna hii.

Wewe lala. Mvalishe Bosi soksi na uache kumhesabu pumzi.

Dada yako,
Darubini


Tarehe 16 Agosti

Dada,

Shikamoo yako hii hapa. Mpe Mama pole ya jino. Umesahau kuniandikia kuhusu jino, lakini Dereva ameniambia. Ujue basi kwamba nina wapelelezi.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Baba Chiriku aliacha kutengeneza friji ya watu akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama ina maana ugonjwa mmoja mkubwa umeyafukuza madogo yote, na kama ni hivyo tushukuru au tulie. Nilijikuta nimefurahi, halafu nikaona aibu, maana kwa jirani wamezika mtu wiki ileile.

Wametangaza kwamba kuanzia Oktoba chekechea zinaruhusiwa kufunguliwa. Wazazi wananisimamisha njiani. Mmoja ana mtoto wa miaka mitatu ambaye tangu Machi hajacheza na mtoto mwenzake, akiona mwingine anajificha nyuma ya gauni. Chiriku naye ameanza kuviadhibu viti. Na mimi, dada, nimechoka. Mikono yangu haijui la kufanya bila watoto ishirini na wanne.

Tatizo ni Bosi. Sina wa kumwachia, nikifungua nitakuwa naye mgongoni darasani kutwa nzima. Kwa hiyo sifungui mpaka uniambie wewe. Sitaki jibu la redio, nataka lako.

Kengele


Tarehe 10 Septemba

Kengele,

Marahaba. Jino limeng'olewa. Mama amelihifadhi kwenye kibweta na hataki kusema kwa nini.

Nimelichelewesha jibu lako makusudi mpaka msimu ufungwe. Umefungwa. Juni, Julai, Agosti, sampuli mia tano na zaidi, Mgeni hakuna. Ukutani kwetu kuna kalenda ambayo Mkuu wa maabara ameichorea mstari mwekundu mwisho wa Agosti. Ukipita mstari huo, dawa za kupimia Mgeni tunazirudisha kule nyuma ndani ya jokofu mpaka Mei, kwa sababu ni chache na miezi ya joto hana kazi kwetu. Ndivyo tulivyofanya miaka yote, na hajawahi kutokea Oktoba wala Novemba. Mwaka huu hakutokea hata kwenye msimu wake mwenyewe.

Ulitaka jibu langu. Fungua. Madirisha yaache wazi, watoto wanawe mikono, na Bosi umbebe bila wasiwasi.

Darubini


Tarehe 8 Novemba

Dada,

Shikamoo, na Mama pia. Naandika haraka, mwandiko utanisamehe, karatasi iko gotini na benchi hili ni bovu.

Nilifungua tarehe tano Oktoba. Walikuja kumi na tisa. Yule wa nyuma ya gauni alilia mpaka saa nne, na ilipofika saa sita alikataa kwenda nyumbani. Nilifurahi jamani, nisikufiche.

Wiki ya tatu wakaanza kukohoa. Kwanza wawili, halafu tisa hawakuja. Na si wadogo tu, hata wa miaka minne, wanakohoa mpaka wanatapika, kifua kinapiga miluzi. Wengine wamepelekwa hospitali, wakachukuliwa vipimo vya pua. Korona hawana. Sasa wana nini? Kila mzazi ananiangalia mimi. Bosi naye ana mafua kidogo.

Sampuli zao zitakuja kwako kwenye boksi moja na barua hii. Ukijua chochote niambie upesi.

Kengele


Tarehe 27 Novemba

Kengele,

Marahaba. Mama anakusalimu na anauliza kama Bosi ameota meno.

Sampuli za huko tumezipokea, na za hospitali nyingine nne. Fomu zinakuja na namba na umri tu, majina hatuyaoni, kwa hiyo siwezi kukuambia yupi ni wako. Ila nakuambia nimechanganyikiwa. Watoto wanalazwa wengi kuliko miezi ya baridi, wakubwa kwa wadogo, na majibu yanatoka yaleyale: korona hakuna, homa ya mafua hakuna, Mgeni hakuna, mafua ya kawaida baadhi yao. Wiki moja tu ya mwezi huu nimesaini fomu arobaini na sita bila kuinua kichwa. Mkuu anasema labda ni hewa, labda wazazi wameingiwa na woga na wanakimbilia hospitali kwa kila kikohozi.

Halafu kuna jambo moja. Umesema uliandika ukiwa kwenye benchi. Chekechea yako haina benchi, ina viti vidogo. Ulikuwa wapi?

Darubini


Tarehe 14 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii usimsomee Mama.

Nilikuwa wodini. Ile siku niliyokuandikia Bosi ana mafua kidogo, alikuwa siku ya pili kwenye oksijeni. Nisingeweza kukupigia. Ungesikia sauti yangu ungepanda gari, barabara zenyewe zimefungwa, na Mama angejua kabla hujavaa viatu. Tukakaa siku kumi na moja. Sasa yuko nyumbani, anacheka, lakini akilala kifua bado kinapiga mluzi.

Dada, nilimwona. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani vilevile, pua inapanuka vilevile, vilevile kama Chiriku. Nikamwambia daktari huyu ni Mgeni, yule wa miezi ya baridi, namjua. Daktari ni kijana mpole, hakunidharau. Akasubiri majibu. Yalipokuja akanionyesha fomu: hakuna. Akasema basi si kirusi hicho, na kwa kuwa mtoto wa miezi tisa anashinda darasani, huenda ni pumu, na kinachoiamsha ni vumbi la chaki na mikeka. Wakampa mvuke na dawa za pumu anazotumia mpaka leo, wakampa na antibayotiki. Wala hawakututenga, wakatuweka wodi ya wote. Mtoto wa kitanda cha pili aliletwa kwa kuharisha, siku ya tano akaanza kukohoa kama Bosi. Mama yake akaniuliza kama naye amevuta vumbi la chaki.

Nimefikiri sana. Kama si kirusi basi ni mimi. Nilimbeba mgongoni huku nikifuta ubao, nikamwangushia vumbi lote usoni. Nimechoma mikeka. Chaki nimetupa. Godoro lake nimelianika mpaka limepauka. Na chekechea nimeifunga, wazazi nimewaambia si kwa muda. Viti vyote nimempa fundi seremala avifanyie anachotaka. Chiriku hajanisemesha siku mbili, na yeye unamjua, kunyamaza kwake ni ugonjwa.

Usijilaumu kwamba ulisema nifungue. Ulisema Mgeni hakuna, na kweli hakuwepo. Kosa ni langu.

Kengele


Tarehe 18 Januari

Kengele,

Marahaba. Pole kwa yote. Mama hajui kitu, amefuma sweta ya Bosi, nimeifunga pamoja na barua hii. Huku joto ni kali.

Naomba kitu kimoja. Juu ya ile fomu ya majibu, upande wa kulia, kuna namba. Niandikie namba hiyo.

Usimbadilishie Bosi dawa mpaka nikuandikie tena.

Darubini


Tarehe 31 Januari

Dada,

Shikamoo. Namba ni 2217. Sweta imemtosha, mikono mirefu kidogo.

Sasa na mimi niseme. Nimekuandikia kurasa tatu za moyo wangu wote, ukanijibu mistari sita, miwili kati yake ya sweta. Ulinyamaza mwezi mzima. Nilidhani Dereva amekwama tena, nikamfuata nikamgombeza bure, kumbe hukuwa umempa kitu. Kama umenikasirikia kwa kukuficha, sema. Kama unaona kweli ni mimi niliyemuumiza mtoto, sema pia, nitabeba. Mimi kutojua ndiko kunakonimaliza. Namkataza Bosi kukaribia watoto wenzake. Jana mtoto wa jirani alimpa mpira dirishani, nikafunga dirisha. Yule mtoto akabaki amesimama na mpira wake.

Kengele


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Leo sina habari nyingine, na ukimaliza kusoma hutazitaka.

Fomu zetu zina orodha ya virusi, na mbele ya kila kimoja visanduku viwili: Kuna, Hakuna. Kompyuta haikubali uache vyote viwili vitupu, inagoma kutoa karatasi. Kwa hiyo tangu nianze kazi, kitu ambacho hatukukipima tunakiwekea Hakuna. Aliyenifundisha alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo. Haikuwahi kumdhuru mtu, au ndivyo tulivyoamini, maana tulichokuwa hatukipimi ni kile ambacho msimu wake umepita.

Nilikuandikia kuhusu mstari mwekundu kwenye kalenda. Niliuandika kwa mkono wangu na sikuuona. Tangu Septemba hatukumpima Mgeni hata kwa mtoto mmoja. Ile Hakuna ya Julai niliiandika baada ya kumtafuta Mgeni nikamkosa. Ile Hakuna ya Novemba niliiandika bila kumtafuta kabisa. Zote mbili zilitoka na wino mmoja na sahihi moja, na daktari wako hakuwa na namna ya kuzitofautisha.

Niliposoma barua yako ya Desemba, hapo ulipoandika kwamba ulimwona, nilielewa kabla sijafika chini ya ukurasa. Nikainyamazia. Nilijiambia nataka uhakika kwanza, na ni kweli nilitaka, lakini zaidi niliogopa. Sikuwa nimekukasirikia hata kidogo. Nilikuwa najificha.

Namba yako ilipofika nilienda kwenye jokofu la kugandisha. Tunazitunza sampuli kwa miezi sita. Nikazitoa dawa za Mgeni nyuma zilikolala, nikapima zote arobaini na sita za ile wiki ya Novemba. Ishirini na tisa zinaye. Wachanga wanaye, na wa miaka mitatu na minne wanaye, watoto ambao kwa kawaida angeshawapitia zamani wakiwa wadogo. Mwaka mzima hawakukutana naye wala kukutana wao kwa wao, miili ya wadogo haikupata kumjua, ya wakubwa ikamsahau. Milango ilipofunguliwa akaingia, msimu usio wake, akawakuta wote kwa pamoja. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Nasema nadhani.

Sampuli 2217 inaye. Kengele, ulimwona sawasawa. Si chaki, si mikeka, si mgongo wako. Ni Mgeni, na ni mimi niliyemwandikia daktari kwamba hayupo bila kumtafuta, na ni mimi niliyekuambia ufungue.

Nilimpelekea Mkuu majibu. Kwanza alisema yaliyopita yamepita, watoto wengi wameshapona, tusiwachanganye watu zaidi. Nikamwambia mtoto mmoja ni wa mdogo wangu. Akachukua kalamu yeye mwenyewe. Hospitali zote tano zimeandikiwa. Daktari wako ataipata barua yake wiki hii, mwonyeshe na hii, akuambie kama Bosi anahitaji zile dawa za pumu au aziache.

Sikuombi chochote. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu kabla ya kwake.

Darubini


Tarehe 14 Machi

Dada,

Leo shikamoo imechelewa, nimeiandika mwisho wa barua. Utaikuta huko.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikamwogesha Bosi mara mbili mfululizo na maji hayakuwa na kosa. Nililia kwa ajili ya mikeka, sijui kwa nini mikeka. Miezi mitatu nilikuwa nalala nikijua nimemuumiza mwanangu kwa kazi ninayoipenda, na wewe miwili kati ya hiyo ulikuwa unajua si kweli, ukanitumia sweta. Kosa la fomu nimekuelewa, mtu hufanya alivyofundishwa. Kunyamaza sikuelewi bado. Nakuandikia hivi kwa sababu ningekuwa kwenye simu ningekukatiza mwenyewe kwa kilio.

Daktari amezipata barua zote mbili. Dawa za pumu amezisimamisha, anasema mluzi wa kifua baada ya Mgeni unaweza kukaa miezi, tutamwangalia. Akaniomba radhi, naye hakuwa na kosa. Nilimtafuta yule mama wa kitanda cha pili. Mwanawe alikaa wiki tatu, lakini ametoka, mzima. Nikamweleza kilichotokea, na kwamba mwanawe aliupata ugonjwa kwa wangu. Alinisikiliza, akasema afadhali ajue, maana alikuwa amewafukuza kuku wake wote akidhani ni manyoya yao.

Nimekwenda kwa fundi seremala. Viti kumi na vitatu ameshavigeuza rafu. Kumi na kimoja vimebaki, nimevibeba kwa mkokoteni huku Chiriku amekaa juu anatoa amri. Jumatatu tunaanza, watakaokosa viti watakaa chini. Dirisha nimelifungua. Bosi sasa anatembea, anaanguka, anamlaumu dada yake. Yule wa mpira amekuja mwenyewe.

Ndani ya bahasha nimekuwekea ile fomu ya 2217. Nimechukua rula na kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikachora kisanduku cha tatu pembeni ya vile viwili, nikaandika juu yake: Haijapimwa, hatujui. Nataka uisaini upya na uirudishe. Nitaiweka ukutani darasani.

Na nina swali. Miezi ya baridi inakuja tena. Mgeni ameshapita, je atarudi msimu wake wa kawaida, au ameridhika? Niambie ukweli wowote ulio nao. Kama huna, usiniandikie hakuna.

Shikamoo, dada.

Kengele


Tarehe 11 Aprili

Kengele wangu,

Marahaba, na asante kwa kuiandika.

Mama amejua. Alisoma barua yako nilipokuwa kazini. Alinigombeza kwanza, kisha akakugombeza wewe kupitia kwangu, na hivi sasa anafuma mikeka, maana amesikia imechomwa.

Fomu yako nimeisaini, hii hapa. Lakini kwanza niliipeleka maabara, nikaibandika juu ya kalenda, pale penye mstari mwekundu. Mkuu aliitazama siku nne. Siku ya tano akamwita fundi wa kompyuta. Fomu mpya zimetoka wiki iliyopita, zina visanduku vitatu, na Mgeni tunampima kila mwezi, joto au baridi. Wiki ya kwanza nilikitumia kile cha tatu mara saba. Kila mara mkono ulisita, nikaulazimisha.

Kuhusu kunyamaza, sina maelezo zaidi ya woga. Nilizoea kuwa dada anayejua.

Umeuliza kama atarudi baridi hii. Nimesoma nilichoweza, nimemuuliza Mkuu, nimerudia sampuli zote mpaka ya jana. Nimekuwekea fomu mpya, pa namba nimepaacha patupu, jina la mtoto nimeandika Bosi kinyume cha utaratibu. Mbele ya Mgeni, angalia mwenyewe, tiki iko kwenye kisanduku chako.

Dada yako